Habari ya wazi, jawabu la siri: vipi?

Swali: Shikamoo Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nyumbani kwetu Wete. Naandika utafiti kuhusu magendo ya karafuu kati ya Pemba na pwani ya Kenya, na natumia habari za wazi tu: picha za setilaiti, tovuti za kufuatilia meli, magazeti, na video ambazo watu wenyewe wamezirusha mitandaoni. Ami yangu, mstaafu wa serikali, ameniambia nijihadhari: "Vitu vyako vyote ni vya wazi, lakini ukishaviunganisha ukatoa jawabu, jawabu hilo ni siri." Sielewi. Kitu cha wazi kinageukaje siri? Na wataalamu huzichambua vipi habari hizo mpaka wakafika huko? Nimekuambatishia na picha moja ya mashua, niliambiwa imepigwa pwani ya magharibi, karibu na Ras Kigomasha, mchana wa mwezi wa nane, naomba unitazamie.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msalimie ami yako. Hakukudanganya, ila amekupa nusu ya maneno, na nusu aliyoibakisha ndiyo yenye faida kwako.

Tuanze na kitu unachokiona kwa macho. Boti za doria za KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, hupita mbele ya wavuvi wa Tumbe, wa Msuka, wa Fundo. Hakuna asiyezijua, watoto wakiziona huzipungia mkono. Sasa chukua daftari, kaa pwani siku 30, andika kila boti imepita saa ngapi, imeelekea wapi, imerudi lini, usiku ulikuwa wa mbalamwezi au wa giza, maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, au mafu. Siku ya 31 chora jadweli. Utaona jambo ambalo hakuna mvuvi hata mmoja aliyeliona peke yake: saa ambazo mkondo hauna mtu. Kila mstari wa daftari lako angeweza kuuandika yeyote. Jadweli lako, lakini, ni zawadi kwa mwenye magendo. Jadweli hilohilo likiandikwa ndani ya ofisi ya kikosi chenyewe litapigwa mhuri wa siri kabla wino haujakauka, na mimi sitawalaumu.

Kwa hiyo siri haikuwamo katika habari. Ilizaliwa pale habari zilipopangwa kujibu swali fulani. Hilo liweke akilini, tutalirudia baada ya kuona namna ya kuzipanga.

Watu hudhani kazi hii imeletwa na intaneti. BBC ilianza kusikiliza redio za nchi nyingine kwa utaratibu mwaka 1939, na Marekani ikaanzisha idara yake ya kusikiliza matangazo ya kigeni mwaka 1941. Mimi mwenyewe nimekula mkate wa kazi hiyo miaka kadhaa: vipaza sauti masikioni, kalamu mkononi, unasikiliza taarifa ya habari ya kituo cha mbali na kuandika muhtasari. Somo kubwa la kazi nililipata kwa fedheha. Asubuhi moja vituo vitatu vilitangaza kwamba meli imezama. Nikaandika: "Imethibitishwa na vyanzo vitatu." Mkubwa wangu akaniuliza kama vyote vitatu vilitaja idadi ileile ya abiria. Nikasema ndiyo, tena kwa mpangilio uleule wa sentensi. Akanirudishia karatasi. "Basi si vitatu. Ni kimoja kimesomwa mara tatu." Jioni ikabainika kwamba wote walisoma taarifa ya shirika moja la habari, na taarifa yenyewe ilikuwa na kasoro. Meli ilikwama mchangani, haikuzama.

Ukikaa Jaws Corner pale Mji Mkongwe na kikombe chako cha kahawa utaliona jambo hili kila jioni. Mtu wa kwanza analeta habari, wa pili anaipeleka Darajani, wa tatu anairudisha ikiwa na nyama na mchuzi, na yule wa kwanza anaposikia imetoka Darajani anasema, "Si niliwaambia!" Habari yake mwenyewe imemrudia na yeye ameipokea kama ushahidi mpya. Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo. Kwa heshima zote, mchambuzi hawezi kula kwa methali hiyo. Lisemwalo limesemwa, basi. Kama lipo, hiyo ndiyo kazi yako.

Ndiyo maana watu wa fani hii hutenganisha msemaji na maneno yake. Majeshi ya NATO hutumia alama mbili: herufi A hadi F kwa uaminifu wa chanzo, na tarakimu 1 hadi 6 kwa habari yenyewe. Chanzo cha A ni kile kisichotiliwa shaka, F ni kile kisichoweza kupimwa. 1 ni habari iliyothibitika kwingineko, 6 ni ile isiyoweza kupimwa. Faida yake ni kwamba mwongo mzoefu anaweza kukuletea habari ya kweli, ukaiandika E2, na mtu mwadilifu anaweza kukosea, ukaiandika A5. Sisi waswahili tuna kifaa cha kazi hiyo kwenye ulimi, neno dogo "eti". "Eti karafuu zimeshikwa Shimoni." Silabi mbili zimeshakwambia kwamba msemaji hakuona, amesikia, na mwenyewe hana hakika. Ripoti nyingi rasmi nilizosoma zingefaa sana zikitiwa "eti" tano au sita.

Sasa vifaa vyako, maana hapa nina ugomvi na utafiti wako kidogo. "Magendo ya karafuu" ni mada, si swali. Swali lazima liwe jembamba mpaka liweze kujibiwa kwa ndiyo au hapana, na mpaka ujue ni kitu gani ukikiona kitakuonyesha umekosea. Kisha uulize: hiki kifaa kinaweza kukiona ninachokitafuta?

Tovuti za meli hutegemea mtambo wa AIS, unaorusha jina la meli, mahali ilipo na mwendo wake kwa mawimbi ya redio. Kanuni za kimataifa zinailazimisha meli ya kuanzia tani 300 za usajili inayokwenda nchi za nje, na meli za abiria za ukubwa wowote. Sasa niambie, nani amepakia magendo ya karafuu kwenye meli ya tani 300? Hupanda mashua, au boti ya faiba yenye mashine mbili, kwenye kijibandari cha mikoko ambacho hata jina hakina. Ukitazama tovuti ukaona bahari tupu, umejifunza habari za tovuti, hujajifunza lolote kuhusu bahari. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya ambazo picha zake ni bure, nukta moja ya picha yao ni mita 10 kwa 10, hivyo mashua ya mita 12 ni nukta moja na kidogo, sawa na povu la wimbi. Tena hupita asubuhi katikati, si saa nane za usiku. Zipo setilaiti zinazoona taa usiku. Utakachokiona humo ni karabai za wavuvi wa dagaa wakati wa giza, nao ni wengi kweli.

Sikukatishi tamaa. Nakwambia habari za wazi zina mahali zinapong'aa na mahali zilipo kipofu, na kwa jambo lako utapata zaidi kwenye nchi kavu: bei ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ikilinganishwa na bei ya ng'ambo, tarehe za kesi zilizotangazwa mahakamani, msimu wa mavuno, picha za ndege zisizo na rubani zilizopigwa kisiwani tangu 2016 katika ule mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar, ambazo zinaonyesha paa na njia ya gari hadi ufukweni.

Kwa meli kubwa ni hadithi nyingine, na Zanzibar yetu imo ndani yake. Mwaka 2012 ilionekana kwamba meli za mafuta za Iran, nchi iliyokuwa chini ya vikwazo, zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania kupitia usajili wa Zanzibar, uliokuwa ukifanywa na wakala aliyeko Dubai. Kwanza yalikuja makanusho. Baadaye mwaka huohuo serikali ilikiri na kuzifuta meli 36. Walioliona jambo hilo mapema hawakuhitaji jasusi. Meli inaweza kubadilishiwa jina, rangi, bendera na mwenyewe, lakini namba ya IMO (shirika la kimataifa la mambo ya bahari), yenye tarakimu saba, hubaki nayo tangu kuundwa mpaka kukatwa chuma chakavu. Na namba hiyo inajilinda. Chukua 9074729. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano: 63, 0, 35, 16, 21, 4. Jumla ni 139. Tarakimu ya mwisho ya jumla, 9, lazima ifanane na tarakimu ya saba ya namba. Ukikuta meli imeandika namba isiyokubali hesabu hii, kuna aliyekosea kuandika au kuna anayekuficha. Lipi kati ya hayo mawili, hesabu haitakwambia.

Na hapo ndipo wachambuzi wengi huanguka, penye "lipi". Mtu akishapata maelezo yanayoingia akilini huacha kutafuta. Richards Heuer, aliyefanya kazi CIA miaka mingi, alifundisha njia ambayo mimi bado naitumia kwa kalamu na karatasi: andika maelezo yote yanayowezekana juu ya karatasi, ushahidi wote pembeni, kisha kwa kila ushahidi uliza unapingana na maelezo yapi. Usiulize unakubaliana na yapi, kwani ushahidi mmoja hukubaliana na mengi. Boti imezima taa usiku: inakubaliana na magendo, inakubaliana na mvuvi asiye na betri. Hivyo ushahidi huo, japo unasisimua, haukufai kitu. Maelezo yanayobaki ni yale yenye upinzani mdogo kabisa, hata kama si yale uliyoyapenda.

Unajua tukio la Frank Carlucci? Alikuwa balozi mdogo wa Marekani hapa Unguja baada ya Mapinduzi. Januari 1965, kuelekea sherehe za mwaka mmoja, alizungumza kwa simu na mwenzake aliyeko Dar es Salaam kuhusu kupata salamu za pongezi kutoka kwa mkubwa wa Washington. Kwa kimombo chao walitumia lugha ya silaha: wanahitaji risasi zaidi, yaani hoja nzito za kumshawishi mkubwa. Simu ilikuwa ikisikilizwa. Msikilizaji alisikia risasi, akaandika risasi. Wote wawili walifukuzwa nchini. Carlucci baadaye akawa naibu mkurugenzi wa CIA, kisha waziri wa ulinzi wa Marekani mwaka 1987. Hiyo haikuwa habari ya wazi, ilikuwa ya kunasa simu, ndiyo maana naipenda: watu huamini kilichopatikana kwa siri kuliko kilichoandikwa gazetini, kwa sababu tu kimepatikana kwa siri. Maneno yalinaswa sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, "Kuna maana nyingine?"

Jambo la mwisho katika uchambuzi ni namna ya kuusema. Mwaka 1951 wachambuzi wa Marekani waliandika kwamba upo "uwezekano wa kutiliwa maanani" wa Yugoslavia kushambuliwa. Sherman Kent, mmoja wa waliouandika, aliulizwa na ofisa mmoja wanakusudia kiasi gani. Alipowarudia wenzake waliotia saini sentensi hiyohiyo, mmoja alikuwa na maana ya 20 kwa 100 na mwengine 80 kwa 100. Walikubaliana maneno, hawakukubaliana jambo. Leo mashirika hayo yana vipimo vilivyoandikwa: neno hili ni kati ya asilimia 55 na 80, lile ni kati ya 80 na 95. Kiswahili chetu nacho kina hatari hiyo. "Huenda" ya mtu wa Makunduchi na "huenda" ya mtangazaji wa redio hazina uzito mmoja. "Yaelekea", "yamkini", "labda", "bila shaka"... na sijataja "inshallah", ambayo kwa fundi seremala ina maana moja na kwa sheha ina maana nyingine. Katika utafiti wako weka ukurasa mmoja mwanzoni: nikisema "yaelekea" nakusudia zaidi ya nusu; nikisema "huenda" nakusudia chini yake. Msimamizi atakucheka. Mwache acheke.

Sasa tumefika kwa ami yako. Jawabu huwa siri lini?

Ndani ya serikali, sababu ya kwanza ni ile ya jadweli la boti: mkusanyiko. Marekani wameiandika waziwazi. Amri ya Rais namba 13526 ya mwaka 2009 inasema vitu ambavyo kimoja kimoja si siri vyaweza kuwa siri vikikusanywa, ikiwa mkusanyiko unafichua uhusiano ambao haukuonekana na kufichuka kwake kunaweza kudhuru usalama wa taifa. Daraja zao za siri ni tatu, na hupimwa kwa madhara: madhara, madhara makubwa, madhara makubwa mno. Lakini angalia sharti lililotangulia: habari yenyewe lazima iwe mali ya serikali, au imetengenezwa nayo au kwa ajili yake, au imo mikononi mwake. Daftari la mtu binafsi haliingii humo hivihivi.

Sababu ya pili hutajwa kidogo na ndiyo ninayoiona kubwa: swali hufichua nia. Wizara ikimwagiza mchambuzi asome magazeti yote ya nchi jirani kuhusu bandari moja tu, magazeti ni ya kila mtu, lakini kujua kwamba wizara inaiwazia bandari hiyo ni habari nzito. Anayekwenda kwenye mazungumzo ya bei hataki mwenzake ajue amesoma nini jana usiku. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na anayeiona kata imeshikwa na nani, na imeingizwa mtungi gani, ameshajua nyumba hiyo ina kiu.

Ya tatu ni mchanganyiko. Ripoti ya kurasa 20 kutoka magazetini ikitiwa sentensi moja ya mtoa habari wa siri, karatasi nzima huchukua daraja la sentensi hiyo. Ndiyo maana Wamarekani huandika herufi ya daraja mwanzoni mwa kila aya, ili anayekuja kuifungua kesho ajue kipi cha wazi na kipi cha kuziba. CIA waliandika utafiti mrefu kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1966. Umefunguliwa kwa umma baada ya miongo kama minne, na mambo mengi yaliyomo mzee yeyote wa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, angekusimulia bila ya kuulizwa mara mbili.

Na ipo sababu isiyoandikwa popote, aibu. Amri ile ya Marekani inakataza kabisa kutia mhuri ili kuficha uvunjaji wa sheria, uzembe au fedheha. Kuandika katazo ni rahisi. Anayeshika mhuri na anayeogopa kufedheheka mara nyingi hukaa kiti kimoja.

Mfano ulionishangaza kuliko yote ni wa maabara ya Livermore, California. Mwaka 1964 waliwachukua wanafizikia vijana waliotoka tu chuoni, wasiojua lolote la silaha, wakawaambia: tumieni vitabu na majarida ya maktaba, sanifuni bomu la nyuklia. Kufikia 1967 walikuwa na mchoro ambao wajuzi waliukubali. Kila chanzo kilikuwa cha wazi. Ripoti ilifungiwa. Lengo lenyewe la jaribio lilikuwa kujua nchi yoyote ingeweza kufika wapi kwa maktaba peke yake, na jawabu la swali hilo, ndilo walilolificha.

Nje ya serikali mambo hayako sawasawa kila nchi. Edmund Heine alikusanya habari za viwanda vya ndege vya Marekani kutoka magazeti, majarida na katalogi, akazipeleka Ujerumani kabla Marekani haijaingia vitani. Alihukumiwa kwa ujasusi, lakini mwaka 1945 mahakama ya rufaa, kwa kalamu ya Jaji Learned Hand, ilifuta hukumu hiyo: kilicho halali kwa kila mtu kukipata hakiwi ujasusi kukipeleka. Kosa lililobaki ni kutokujisajili kama wakala wa nchi ya kigeni. Norway wakaenda upande mwengine. Watafiti Nils Petter Gleditsch na Owen Wilkes mwaka 1979 walitoa ripoti kuhusu mitambo ya kijasusi iliyoko nchini humo, kwa kutumia vitabu vya namba za simu, orodha za umma na kutazama wakiwa nje ya uzio. Mahakama iliwatia hatiani, na mahakama ya juu ikaiunga mkono hukumu mwaka 1982. Hoja ilikuwa ni mkusanyiko uleule. Mimi naona Jaji Hand alikuwa karibu zaidi na haki, lakini wewe huishi ndani ya maoni yangu, unaishi ndani ya sheria.

Kwetu, ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ndiyo ya kuisoma, tena isome mwenyewe, usisomewe. Kitu huwa cha siri pale ofisa aliyepewa mamlaka anapokitangaza hivyo. Kila ofisi ya umma ina masjala ya wazi na masjala ya siri, na faili haliingii masjala ya pili kwa miguu yake. Kuna mtu kalipeleka. Kwa hiyo jawabu lako, lililotoka kichwani mwako na vyanzo vya wazi, si nyaraka ya siri. Hapo ami amekosea. Lakini sheria hiyohiyo ina vifungu vya upelelezi na vya maeneo yanayolindwa, navyo haviulizi kama karatasi yako ina mhuri. Na hapo ami amepatia. Ongeza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: jina la mvuvi ulilolitoa kwenye video yake si lako, hata kama alilirusha mwenyewe.

Kichekesho cha mwisho, kisha twende kwenye picha. Siri haifunguki kwa kuvuja. Mwaka 2010, nyaraka za kibalozi za Marekani zilipomwagwa na WikiLeaks dunia nzima ikazisoma, watumishi wa serikali ya Marekani waliamriwa wasizifungue kwenye kompyuta za kazini, kwa kuwa kisheria bado zilikuwa siri. Mwenye duka alikuwa anaruhusiwa kuzisoma, mwenye kibali cha siri haruhusiwi.

Katika utafiti wako, mambo ya bei, misimu, kesi na njia za nchi kavu andika yote. Ukikuta umeanza kuandika saa za doria, simama; hapo umeacha kumchunguza mwenye magendo na umeanza kumhudumia. Sema tu kwamba doria zipo na kwamba hukuzipima. Kibali cha utafiti ukichukue mapema, na swali lako liandikwe ndani yake kwa maneno yaleyale utakayoyatumia.

Sasa mashua yako. Umeniambia ni pwani ya magharibi, karibu na Ras Kigomasha, mchana wa mwezi wa nane. Mashua imelala ubavu kwenye mchanga mkavu na mzee amesimama akiitazama bahari. Kama bahari iko mbele yake upande wa magharibi, mkono wake wa kulia uko kaskazini. Kivuli chake, kifupi, kimeanguka kulia. Maana yake jua liko kusini mwake. Pemba iko karibu digrii 5 kusini ya ikweta. Jua la mchana huwa kusini kwetu kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi tu. Mwezi wa nane liko kaskazini, na kivuli chake kingeanguka kushoto. Kisha tazama kitambaa juu ya mlingoti: kinapepea kuelekea kusini. Huo ni upepo wa kaskazi, na Agosti tuko ndani ya kusi. Maji nayo yamekupwa mno. Bamvua hupwa hivyo mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi, wakulima wa mwani wa Paje wanakwenda shamba kwa saa hiyo. Kupwa kukisogea hadi karibu na adhuhuri, bamvua imepita siku moja mbili.

Yaelekea, kwa kipimo nilichokwambia, ni Desemba, Januari au Februari. Kuna njia moja ya mimi kuwa nimekosea: picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, kulia kumekuwa kushoto, kivuli na upepo vyote viwili vitahama pamoja. Pale ubavuni mwa mashua kuna maandishi yaliyofifia. Yakuze uone kama yanasomeka sawa au kinyumenyume, kisha uniandikie.